Mstari wa Kijivu kwenye Baiskeli ya Msasa

Haya, sogea karibu nikutegee, na usianze kukohoa ili upate nafasi ya kufikiri. Ni kitu gani hufanywa kipya ili kiwe cha zamani?

Umeshindwa. Wala usinipe mji, maana miji niliyokwisha kupewa kwa vitendawili vyako inatosha nchi nzima. Nipe mto niweke mgongoni, nikujibu. Kitu hicho ni baiskeli ya Msasa.

Huyo Msasa hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na majirani, kwa sababu tangu ujana wake hakuwahi kuona kitu chenye kutu akakiacha na kutu yake. Ukimkaribisha chai, kwanza alisugua kijiko kwa ncha ya shati, ndipo akoroge. Bawaba za mlango wake ziling'aa kuliko vikombe vya watu wengine. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vyerehani. Alipostaafu, mkewe akiwa ameshatangulia mbele ya haki, alibaki na nyumba ya vyumba viwili, karakana ya mabati nyuma ya nyumba, na fremu ya baiskeli ya mashindano, ya Kitaliano, aliyoiokota nyuma ya ghala moja ikiwa imepakwa rangi ya mlango.

Binti yake alikuwa ameolewa mji wa mbali. Kila alipopiga simu alikuwa na wimbo mmoja: "Baba, chumba chako tayari, kitanda nimetandika, unangoja nini?" Na Msasa naye alikuwa na kiitikio kimoja: "Nikimaliza baiskeli, mwanangu."

Sasa, Msasa alikuwa na dada, na dada alikuwa na mume, na huyo mume ndiye tutakayefuatana naye, kwa hiyo mtazame vizuri. Enzi zake alikuwa mkaguzi wa mizani sokoni, na wauza sukari walikuwa wakimwona kwa mbali wanakumbuka dua walizozisahau. Alistaafu yeye, macho yake yakakataa. Mfukoni mwa shati alichomeka tochi ndogo kama kidole, mchana na usiku, ndiyo maana wakamwita Tochi. Alimulika mashavu ya samaki, alimulika chini ya unga dukani, alimulika masikio ya wajukuu. Mkewe hupenda kuwaambia wageni kwamba siku alipokuja kumposa, yeye alikaa amefumba mdomo, akihofia atamulikwa magego.

Kila jioni Msasa alifika barazani kwa Tochi na kitu kimefungwa kwenye kitambaa chenye grisi. Leo skrubu, kesho kibanio, keshokutwa kipande cha ngozi ya siti. Walikaa hapo, wazee wawili wazima, wakibishana juu ya nati ndogo kama punje ya mahindi mpaka chai ipoe na mbu washibe. Tochi hakuwahi kusema kwamba alizipenda jioni hizo. Ila Msasa akichelewa, mzee huyo alikuwa na safari za getini zisizoisha, akidai anaangalia kama kitasa kimelegea.

"Kitasa kimefika wapi sasa?" mkewe alikuwa akimuuliza kutoka jikoni. "Kimeshavuka barabara, au bado?"

"Mimi nakagua geti langu, bibie."

"Kagua, baba, kagua. Atakuja tu."

Mjini kwao palikuwa na Chama cha Baiskeli Kuukuu, na kila mwaka chama kilifanya maonyesho ukumbini. Baiskeli zilizofufuliwa zilikuwa na safu yake, na swali lake lilikuwa moja: je, hii iko kama ilivyotoka kiwandani? Ikiwa iko, inafungwa utepe wa bluu kwenye usukani. Ikionekana juu yake alama moja tu ambayo kiwanda hakikuiweka, haifungwi kitu. Na mwenye kusema ndiyo au hapana alikuwa Tochi. Hakuna aliyelalamika kwamba anamkagua shemeji yake. Badala yake, watu walimpa Msasa pole, wakamshauri atafute dada mwingine.

Maana Msasa alikuwa ameshaanguka mara mbili.

Mara ya kwanza alipeleka baiskeli imetiwa kromu kila mahali, hata pale Waitaliano walipopaka rangi tu. Tochi aliizunguka, akasimama, akajichana ndevu mbele yake. "Shemeji," akasema, "umeleta baiskeli, au kioo cha kinyozi?"

Mara ya pili Msasa alikuwa ameiondoa kromu yote iliyozidi, lakini mkono wake haukutulia. Chini kabisa, pale mabomba yanapokutana karibu na pedeli, mafundi wa kiwanda walikuwa wameacha mikwaruzo ya tupa, kwa sababu nani atainama aangalie huko? Msasa aliinama, akaisugua yote mpaka pakawa laini kama shavu la mtoto. Na Tochi naye aliinama. "Umekuwa bora kuliko Waitaliano," alimwambia. "Hongera sana. Lakini mimi sikutumwa kumtafuta aliye bora kuliko Waitaliano." Ukumbi mzima ulicheka, na Msasa akacheka nao. Jioni hiyo hakuja kunywa chai.

Alirudi siku zilizofuata, wakaendelea kubishana kama kawaida. Akaitafuta tupa ya aina ileile, akairudisha mikwaruzo mmoja mmoja, akilalamika kwamba katika maisha yake yote hajawahi kulazimika kuiga uzembe wa watu wengine. Basi maonyesho ya tatu yalipokaribia, Msasa aliweka kikombe chini, akakifuta ukingo, akasema:

"Safari hii nikianguka, nafunga karakana. Naenda kwa binti yangu."

"Acha vitisho," Tochi akasema.

"Sitishi mtu, shemeji. Mwanafunzi akirudia darasa mara tatu si mwanafunzi tena huyo, ni dawati. Mtoto ananiita kila siku. Nitakwenda nikae, nile, nilale, nicheze na wajukuu. Na huko hakuna anayejua mimi ni nani, kwa hiyo nitakunywa chai bila kumulikwa."

Tochi alicheka, kwa kuwa ndivyo ilivyotakiwa. Kisha akanywa funda la chai, akaona haina sukari. Akamuuliza mkewe, mkewe akaapa ametia vijiko vilevile.

Usiku ule kabla ya maonyesho, mkewe alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, anaiwasha tochi na kuizima.

"Unajua huwezi kumpendelea," mkewe akasema.

"Nani kasema nataka kumpendelea?"

"Hakuna aliyesema. Nakujua. Ungekuwa unaweza kupendelea mtu, mama yangu angepata sukari ya bei poa enzi zile. Ndiyo maana nakuonea huruma. Lala."

Akalala, lakini aliiota mizani yenye sahani moja.

Asubuhi ukumbini viti vilikuwa vimesukumwa ukutani, sakafu inanuka nta, na jua limeanza kuingia kwenye madirisha ya juu. Mwenyekiti wa chama, mama mnene mwenye filimbi shingoni, alikuwa mkunga mstaafu aliyekwenda kazini kwa baiskeli miaka yake yote. Alikuwa na namna yake ya kutuliza watu. "Nyamazeni," alisema. "Nusu yenu humu nimewapokea mimi mwenyewe, mkiwa hamna nguo wala adabu. Nguo mmepata. Tuone hiyo nyingine."

Baiskeli ya Msasa ilikuwa mwisho wa safu, imefunikwa shuka. Ubaoni nyuma yake alikuwa amebandika picha, ile picha moja nyeusi na nyeupe ambayo kila mwanachama anayo nyumbani: baiskeli ya aina hiyohiyo, mpya, imeegemezwa kwenye ukuta juani, nje ya kiwanda. Kwa Tochi ilikuwa imetundikwa sebuleni, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Ya harusi yao ilikuwa chumbani, nyuma ya mlango. Mkewe alikuwa ameshazoea.

"Funua," Tochi akasema.

Msasa akavuta shuka, na watu wakafanya "aaah" bila kupatana.

Ilikuwa ya samawati, samawati iliyopauka kidogo, kama shati zuri lililofuliwa sana. Usukani wake ulijikunja chini kama pembe za kondoo. Siti ilikuwa nyembamba mpaka mama Mwenyekiti akaiangalia, akajiangalia, akasema huo si urafiki. Hakuna kilichong'aa kupita kiasi. Ulikuwa unaona kwamba Msasa amejizuia, na kwamba kujizuia kumemuuma.

Tochi alianza. Aliikagua namba iliyogongwa chini ya siti. Akaomba kibanio cha siti kilegezwe, akamulika chini yake, akaona rangi ya zamani iliyosalia pale, samawati ileile. "Hii uliipata hapa?"

"Hapo, na ndani ya shingo ya mbele. Mwenye rangi ya mlango alisahau kupaka ndani."

"Mungu amlipe." Akapiga magoti, kwa kishindo cha magoti ya umri wake. "Legeza vikombe vya pedeli."

Msasa alikuwa na spana mkononi tayari. Mabomba ya Kitaliano yana ukaidi wake: kwenye baiskeli za kwingine, kikombe cha kulia kinachobana ekseli ya pedeli hufunguliwa kwa kuzungusha huku, cha kushoto kwa kuzungusha kule, lakini vyao vyote viwili huzungushwa upande uleule. Msasa akalegeza cha kwanza, akalegeza cha pili. Vyote vikaja upande uleule, bila mlio.

"Hm," akafanya Tochi.

Waliomjua walikonyezana. Hiyo "hm" ilikuwa kubwa kuliko hotuba.

Akamulika chini, kwenye mikwaruzo ya tupa. Ilikuwa mibaya vizuri kabisa. Akahesabu spoki kwa midomo. Akazungusha gurudumu la nyuma, akalisikiliza kama mtu anayesikiliza jirani akigombana. Akaipapasa stika ya shingoni, akaona imekaa upande kidogo, na furaha ikamjia bila kutaka.

"Umeibandika upande."

"Walikuwa wanabandika upande," Msasa akasema. "Ilinichukua siku nzima kuweza. Mkono ulikuwa unakataa."

"Pole sana."

"Asante, shemeji. Usiku niliota naenda kuinyosha."

Tochi akacheka, na moyoni mwake kitu kilicholala tangu lile neno la "nafunga karakana" kikaanza kuinuka. Mtu huyu amefanya. Mkaidi huyu, msugua vijiko huyu, amefanya. Kilichobaki ni bomba la juu, lile refu linalotoka kwenye siti hadi kwenye usukani, na juu yake waya wa breki ya nyuma umeshikwa na vibanio vitatu. Akalimulika kutoka juu, taratibu, kama anayemwagilia bustani.

Ubavuni mwa bomba, chini ya waya, palikuwa na mistari miwili myembamba ya kijivu.

Akasogeza tochi kulia. Mstari mmoja ukasogea. Mwingine haukusogea.

Akasogeza tochi kushoto. Ule wa kwanza ukatembea tena, ukapita juu ya mwenzake, ukatokea upande wa pili. Mwenzake alikuwa palepale, ametulia, na vidoti vitatu vidogo juu yake.

Tochi akaizima tochi. Akaiwasha. Akainuka, akaenda kwenye ubao, akaiangalia ile picha pua ikigusa karatasi. Picha aliyoitazama kila siku akila, akisoma, akifunga viatu. Bomba la juu. Ubavuni mwake mstari wa kijivu. Kwenye mstari, vidoti vitatu. Na hapo, kwa mara ya kwanza, aliona kwamba kila kitu kwenye picha hiyo, pedeli, spoki, hata kichaka kilicho pembeni, kilikuwa na mstari wa kijivu ulioanguka upande huohuo. Jua lilikuwa kali siku hiyo ya picha. Waya ulitupa kivuli kwenye bomba, na vibanio vikatupa vidoti.

Alijaribu kujizuia. Nakuapia alijaribu. Lakini kicheko kilianzia tumboni, kikapanda mabegani, kikamtoka puani, na alipogeuka alikuwa na machozi.

"Jamani," akasema. "Jamani njooni. Shemeji yangu amepaka rangi kivuli!"

Watu wakasogea. Akawaonyesha kwa tochi: huyu anatembea, huyu hatembei. Akawaonyesha picha. Ukumbi ukapasuka. Mama Mwenyekiti alipuliza filimbi ya kuwanyamazisha, ikatoka na kicheko ndani yake, ikalia kama kuku.

"Na vidoti amevitia!" Tochi akaendelea, ameshika ubavu. "Ona vidoti! Shemeji, mbona hukumpaka na yule aliyepiga picha? Kesho tutaikuta imepakwa na giza, kwa sababu usiku ilikuwa gizani!"

Msasa hakucheka. Wala hakukasirika. Alikuwa anaiangalia picha, kisha mstari, kisha picha, kama mtu aliyeambiwa kwamba ngazi aliyopanda miaka yote haikuegemea ukuta. Halafu akamwangalia Tochi.

"Hebu niambie," Tochi akasema akijifuta macho. "Nani alikuambia hapa pana mstari?"

"Niliambiwa tu."

"Na nani?"

"Na mtu."

"Mtu huyo hana jina?"

"Analo," Msasa akasema, akaanza kukunja shuka.

Alilikunja mara mbili, akalinyoosha pembe, akalikunja tena. Na Tochi, aliyekuwa bado na kicheko cha mwisho mdomoni, akakiona kile kitendo, na kicheko kikakatika. Alijua maana ya kulikunja hilo shuka. Karakana inafungwa. Kitanda cha kule kimetandikwa. Kesho jioni yeye atakwenda getini kuangalia kitasa, na kitasa kitakuwa kizima.

"Mkaguzi," mama Mwenyekiti akasema, sauti sasa imeshuka. "Uamuzi?"

Tochi akaitazama baiskeli. Akatafuta njia. Akaijaribu moja kichwani: huenda kiwanda kilipaka mistari kwa baadhi ya wateja. Hakuwa na ushahidi wa hata mteja mmoja. Akaijaribu nyingine: mstari ni mwembamba, hauonekani. Lakini yeye ameuona. Alikuwa amewaangusha wauza sukari kwa vipande vya chuma vilivyofichwa chini ya sahani ya mizani, vyembamba kuliko huo.

"Ni baiskeli safi kuliko zote zilizowahi kuingia ukumbini humu," akasema taratibu. "Fremu ni yenyewe. Rangi ni yenyewe. Hata uzembe ni wenyewe. Lakini kivuli hakikutoka kiwandani, mama. Siwezi kusema kilitoka."

Mama Mwenyekiti akaurudisha utepe wa bluu mezani.

"Umesema haki, shemeji," Msasa akasema. "Usione vibaya. Dada, kesho nitakuletea funguo za karakana. Ufagiefagie humo ndani mara moja moja, kutu isiingie."

Dada yake alikuwa mlangoni, na chupa za chai mbili kwapani. Alikuwa amefika tangu kwenye vicheko, na muda wote huo hakusema neno, jambo ambalo mumewe, angekuwa na akili zake zote, angeliogopa. Aliziweka chupa mezani, akakaza kanga kiunoni.

"Naomba kuuliza," akasema. "Mimi si mwanachama, ni mleta chai tu. Huyu mdogo wangu mstari huu hakuuota. Kaambiwa."

"Kaambiwa, ndiyo," Tochi akasema.

"Kaambiwa na mtu anayejiona anajua."

"Inaonekana."

"Akamwamini, akapaka. Basi mbona anaangushwa aliyeamini? Aliyempotosha amekaa wapi? Anakunywa chai?"

Minong'ono ikapita. Tochi alimwangalia mkewe kama mtu aliyekuwa anapapasa ukuta gizani, kisha akashika kitasa. Mlango ule aliokuwa anautafuta ulikuwa pale, wazi, na mkewe mwenyewe ameusimamia! Hakujiuliza kwa nini. Aliuingia kwa miguu miwili.

"Haki kabisa!" akasema, na sauti yake ya soko ikamrudia. "Mwenyekiti, mke wangu amesema jambo la maana, na mnajua sisemi hivyo kila siku."

"Tunajua," mkewe akasema.

"Kama ni mwanachama aliyempotosha mwenzake, kosa ni la huyo mwanachama. Msasa aufute mstari wake, siku nzima haimalizi, afungwe utepe. Na huyo mwingine, huyo mjuaji, mimi nataka aadhibiwe. Maana angetuondolea fundi mjini!"

"Aadhibiwe vipi?" mama Mwenyekiti akauliza, na mdomo wake ulikuwa unapigana na kitu.

Tochi akafikiri. Alikuwa amepata moto sasa, hakuna wa kumshika. "Amshikie Msasa spana. Mwaka mzima, kila siku, karakanani. Amshikie spana, amfutie grisi, na asitoe maoni. Akiulizwa ajibu, asipoulizwa anyamaze."

"Mwaka mzima anyamaze?" mkewe akauliza. "Si adhabu kali hiyo? Huenda ni mtu mzima."

"Mtu mzima ndiyo kabisa! Na ukaguzi wowote asifanye, asije akapotosha wengine. Hata akiomba, tumkatalie."

"Hata akiomba," mkewe akarudia, polepole, kama anayekariri.

"Hata akilia, bibie."

Mama Mwenyekiti akaangalia watu. Mikono ikapanda, mmoja baada ya mwingine, hadi ya wale wa mwisho waliokuwa bado wanauliza kumetokea nini. Wa Tochi ulikuwa juu kuliko yote, na tochi ndani yake.

"Limepita," mama akasema, akapuliza filimbi. "Halirudishwi nyuma. Haya, Msasa, mtaje."

Msasa akalibana shuka kifuani. "Mama, tuache. Nimeshaamua kwenda. Mtu huyo ni mkubwa kwangu, sitaki kumvunjia heshima mbele za watu."

"Heshima gani?" Tochi akasema, akamshika bega. "Mtu alikutia aibu, wewe unamfunika shuka! Ni yule muuza tairi wa pale kona?"

"Siye."

"Ni fundi spoki, yule anayependa kusema 'niulizeni mimi'?"

"Maskini wa Mungu, siye."

"Basi nani? Shemeji, mimi na wewe tumegombana mpaka juu ya nati. Mimi nimekuangusha mara mbili mbele za watu, na bado kesho yake unakuja unanywa chai yangu. Huyo ni nani unayemwogopa kuliko mimi?"

Msasa akamtazama dada yake. Dada yake alikuwa anamimina chai kwenye kikombe kimoja, taratibu, na hakuinua macho.

"Mtaje, mdogo wangu," akasema. "Hawezi kukufanya kitu. Si umesikia? Limepita."

Msasa akaliweka shuka juu ya siti. Akakichukua kile kikombe, akatazama kijiko kilichokuwamo, akakisugua kwa ncha ya shati upande huu, akakigeuza, akakisugua upande wa pili. Kisha akamwelekezea Tochi hicho kijiko, sawasawa, katikati ya kifua, pale kwenye mfuko wa tochi.

"Ni wewe, shemeji," akasema. "Umesahau tu. Ni baada ya kuniangusha mara ya pili, sebuleni kwako, chini ya picha yako. Uliinuka kwenye kiti, ukanionyesha mstari kwa kijiko cha sukari, ukasema watu wengi hawauoni kwa sababu hawana macho, na ole wangu nije hapa bila huo mstari. Ukaongeza, 'Na usisahau vidoti.'"